Popo Aliyeonekana Pasipo Pake: Mwongozo Kamili wa Kuthibitisha na Kuripoti Ukiwa Nairobi

Picha ya popo ikinifikia kwa simu kutoka Kasarani, Lang'ata au Ruiru, swali linaloambatana nayo huwa karibu ni lile lile: huyu amefikaje huku? Anayeuliza amekwisha kufungua ramani mtandaoni, ameona rangi inayoonyesha eneo la spishi fulani ikikomea Pwani au magharibi mwa nchi, na mnyama mwenyewe ananing'inia chini ya paa lake. Mara nyingi jina ndilo lililokosewa. Mara nyingine ramani ndiyo yenye upungufu. Mara chache sana popo huwa amevuka mipaka yake kweli, na hizo mara chache zina thamani kubwa kwa elimu ya wanyama wa nchi hii, mradi aliyemwona ameacha ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuukagua. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuacha ushahidi huo, kuanzia dakika popo anapoonekana hadi taarifa inapopokelewa na wataalamu.

Kwanza, ramani yenyewe

Dunia ina spishi zaidi ya 1,400 za popo, na zaidi ya 100 kati yake zimethibitishwa nchini Kenya. Ramani za mtawanyiko wao hutokana na nukta, yaani mahali ambapo mtu aliwahi kumnasa popo, akampima, akampa jina na aghalabu akamhifadhi makumbusho. Baina ya nukta hizo wataalamu hujaza kwa makadirio, wakifuata mwinuko wa nchi, mvua na uoto. Watafiti wengi wamepita karibu na barabara kuu, mbuga na mapango yanayojulikana, kwa hiyo sehemu kubwa ya ramani iliyoachwa wazi ni mahali ambapo hakuna aliyewahi kutega wavu usiku.

Nairobi ina ugumu wake katika jambo hili. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, mahali ambapo misitu ya nyanda za juu inakutana na mbuga za Athi, na si mbali na ukingo wa Bonde la Ufa. Popo wa nchi kavu na popo wa msituni wanaweza kuwa majirani kwa umbali wa safari ya nusu saa. Zaidi ya hayo, watu wamepanda miparachichi, mizambarau na mikuyu katika mitaa ambayo zamani ilikuwa nyasi tupu, na taa za barabarani huvuta wadudu usiku kucha. Mnyama anayefuata chakula hana sababu ya kukwepa meza iliyoandaliwa.

Popo wenyewe husafiri kuliko wengi wetu tunavyodhani. Yule popo mkubwa wa matunda mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu, Eidolon helvum, hukusanyika kwa mamilioni katika Hifadhi ya Kasanka nchini Zambia kati ya Oktoba na Desemba, kisha hutawanyika hadi zaidi ya kilomita elfu moja. Huko Ulaya, popo mdogo wa spishi ya Pipistrellus nathusii, mwenye uzito wa gramu 8 hivi, alivishwa pete ya utambulisho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow mwaka 2016 na kupatikana mwaka 2021 katika mkoa wa Pskov nchini Urusi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Spishi nyingine ya jenasi hiyo (kundi la spishi zenye jina la kwanza moja), Pipistrellus kuhlii, imekuwa ikipanua eneo lake kuelekea kaskazini mwa bara hilo kwa miongo kadhaa, na wanaoifuatilia wanahusisha mwendo huo na ongezeko la joto pamoja na ukuaji wa miji. Kuvuka mpaka wa ramani ni jambo linalowezekana. Lililo gumu ni kulithibitisha.

Hatua ya kwanza: usimguse kwa mkono mtupu

Hatua hii inatangulia zote. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa puani na popo mdogo akiwa kambini Tsavo Magharibi, na wiki chache baadaye alifariki nchini kwao kwa virusi vya Duvenhage, ambavyo ni jamaa ya virusi vya kichaa cha mbwa. Mwaka 2009 virusi vingine vya ukoo huo viligunduliwa katika popo wa pango la Shimoni, Kwale, na vikapewa jina la mahali hapo. Popo walioambukizwa ni wachache, lakini popo aliye chini mchana, asiyeweza kuruka, ndiye aliye na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mgonjwa. Na huyo ndiye watu wanayemwokota.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, hata kama alama haionekani vizuri, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo na kumwambia daktari waziwazi kwamba aliyemjeruhi ni popo, ili chanjo ya kichaa cha mbwa iamuliwe bila kuchelewa. Neno "popo" lisiachwe katika maelezo hayo. Watoto na wanyama wa nyumbani waondolewe mahali hapo kabla ya jambo lingine lolote.

Popo akiwa sakafuni, mfunike kwa boksi lenye matundu madogo, telezesha kadibodi ngumu chini yake, na umweke mahali penye kivuli pamoja na kizibo cha chupa chenye maji. Jioni boksi liinuliwe juu ya ukuta au tawi na kufunguliwa, kwa kuwa popo wengi hawawezi kuanza kuruka kutoka ardhini. Kama hawezi kuruka, piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, yaani KWS.

Mapango nayo yana hatari yake. Wagonjwa wawili wa Marburg, homa hatari ya virusi, wa mwaka 1980 na 1987 walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, na popo wa matunda wa mapangoni, Rousettus aegyptiacus, anajulikana sasa kuwa ndiye mnyama ambaye virusi hivyo huishi ndani yake. Vumbi la mavi ya popo pia linaweza kubeba kuvu inayodhuru mapafu. Kwa hiyo usiingie pangoni wala kwenye dari lililojaa mavi kwa ajili ya picha. Simama nje na usubiri watoke.

Hatua ya pili: andika kabla hujasahau

Andika tarehe, saa, mtaa, mwinuko, hali ya hewa na mahali hasa popo alipokuwa: chini ya vigae, kwenye ufa wa ukuta, ndani ya jani changa la mgomba lililojikunja, au kwenye tawi lililo wazi. Andika idadi yao. Andika pia kilichotokea siku zilizotangulia, kama vile kukatwa kwa miti jirani, kubomolewa kwa nyumba ya zamani, moto wa nyasi au upepo mkali.

Ulizia magari. Nairobi hupokea malori ya ndizi, maembe na makaa kila usiku, na makontena yanayotoka Mombasa kwa reli na kwa barabara. Popo mdogo wa migombani hulala mchana ndani ya majani ya mgomba yaliyojikunja, kwa hiyo aliyeonekana karibu na soko au bohari anaweza kuwa amepakiwa na mzigo. Popo aliyeletwa na lori hajabadilisha eneo la spishi yake, hata kama jina lake limetajwa sawasawa kabisa. Muulize bawabu, muulize fundi, muulize mama anayeuza mboga pale nje. Watu hao huamka mapema na huona mengi kuliko mwenye nyumba. Niliwahi kuambiwa na mzee anayelinda lango la ploti kwamba popo niliokuwa nikiwaita wageni walikuwapo tangu alipoajiriwa, miaka mingi nyuma. Taarifa hiyo moja ilibadilisha maana ya kazi yote.

Viwianishi vinahitaji uangalifu wa pekee. Chukua latitudo na longitudo kutoka kwa simu ukiwa umesimama pale pale, na uandike desimali zisizopungua nne, ambazo hukuweka ndani ya mita 11 hivi. Ukiandika desimali moja tu, nukta yako inaweza kuwa imekosea kwa kilomita kadhaa, na hapa kwetu umbali huo unatosha kumtoa popo Karura na kumweka mahali pasipo na msitu. Kosa baya zaidi ni kusahau alama ya kutoa. Katikati ya Nairobi ni takriban -1.29 na 36.82. Ukiandika 1.29 bila alama hiyo, popo wako anahamia Samburu, si mbali na Maralal, kilomita zaidi ya 280 kaskazini, na ramani inapata nukta mpya ambayo hakuna popo aliyewahi kuigusa. Makosa ya namna hii yamo katika hifadhidata kubwa za dunia, na kila moja linaonekana kama ugunduzi mpaka mtu alichunguze.

Hatua ya tatu: piga picha zinazopimika

Picha moja nzuri ya uso haitoshi. Zinahitajika picha za uso kutoka mbele, uso kutoka upande, sikio, mgongo, tumbo, mkia na bawa, zote zikiwa hazijapambwa kwa programu yoyote. Weka kitu chenye ukubwa unaojulikana karibu naye, kwa kimo kile kile na bila kumgusa. Rula ndiyo bora, na sarafu inafaa rula isipokuwapo.

Kipimo ambacho wataalamu hukitafuta kwanza ni urefu wa kigasha, ule mfupa wa bawa kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo. Popo anapolala na mabawa yamekunjwa, mfupa huo huonekana wazi ubavuni, na rula ikiwa sambamba nao unaweza kukadiriwa kutoka kwenye picha. Kigasha cha Eidolon helvum hupita milimita 100, ilhali cha popo wadogo wa mkia huru wanaoishi chini ya mabati yetu hakifiki hata nusu ya hapo. Nimepoteza zaidi ya taarifa moja njema kwa sababu picha zilikuwa safi lakini hazikuwa na chochote cha kulinganishia, na hadi leo naona uchungu nikizitazama.

Usimulike tochi kwa muda mrefu, na usipige picha za mwanga mkali mahali wanapolala majike wenye watoto, kwa kuwa jike aliyeshtuka anaweza kumwangusha mtoto wake.

Hatua ya nne: tambua ukoo kabla ya spishi

Wengi hukosea kwa kurukia jina la spishi. Anza na ukoo, kwa kuwa ukoo unaonekana kwa macho.

Popo wa matunda ana uso unaofanana na wa mbwa, macho makubwa na, kwa karibu spishi zote, ukucha mdogo kwenye kidole cha pili cha bawa pamoja na ule wa kidole gumba. Akiwa na vishungi vyeupe chini ya masikio, yumo katika kundi la Epomophorus, ambalo ni la kawaida katika bustani za Nairobi. Sauti yake ya usiku, kama kengele ndogo inayogongwa kwa kurudiarudia, wengi huidhania kuwa ya chura au ya mtambo. Popo mwenye jani la ngozi juu ya pua lenye umbo la kiatu cha farasi ni wa Rhinolophus. Mwenye masikio makubwa yaliyoungana, pua yenye jani refu na mabawa ya rangi ya manjano, anayening'inia kwenye mgunga mchana kweupe, ni Lavia frons. Mkia ukichomoza kama wa panya nje ya utando, ile ngozi iliyo kati ya miguu, huyo ni wa ukoo wa mkia huru, Molossidae. Mkia ukitoboa utando kutoka upande wa juu, huku popo akiwa ameng'ang'ania ukuta wa nje, mfikirie Taphozous. Asiye na lolote kati ya hayo, mwenye uso wa kawaida na mkia uliofungwa ndani ya utando, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni wa Vespertilionidae. Hapo usiende mbele zaidi bila msaada, kwa sababu spishi nyingi za ukoo huo hutenganishwa kwa meno, fuvu au DNA.

Picha zinazosambazwa kwa simu zikionyesha popo mwenye ukubwa wa mtoto mara nyingi huwa ni za popo wakubwa wa matunda wa Asia, kama wale wa jenasi ya Pteropus. Popo wa jenasi hiyo hawaishi katika bara la Afrika. Aliye karibu nasi zaidi ni Pteropus voeltzkowi, anayepatikana kisiwani Pemba peke yake. Anayedai kumwona Nairobi anahitaji ushahidi mzito kweli, na jambo la kwanza kuuliza ni iwapo alipiga picha hiyo mwenyewe.

Kwa anayetaka kwenda ndani zaidi, funguo za utambuzi wa popo wa Afrika Mashariki, yaani maelekezo ya kumtambua popo alama kwa alama, zilizochapishwa mwaka 2012 na Bruce Patterson wa Field Museum ya Chicago pamoja na Paul Webala, mtafiti wa popo wa hapa Kenya, ndizo ninazozitegemea. Zinahitaji subira na kipimo sahihi.

Hatua ya tano: sauti, kama una kifaa

Sikio la binadamu hukoma karibu na kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na popo wengi wala wadudu hutoa sauti zilizo juu ya hapo. Kifaa kidogo cha kurekodi kama AudioMoth, kikipangwa kuchukua sampuli 384,000 kwa sekunde, kinaweza kunasa sauti hadi kilohezi 192, yaani nusu ya kiwango hicho. Hifadhi faili ghafi, kwa kuwa sauti iliyobanwa kwa kutumwa kwenye simu haina faida tena. Programu zinazotaja spishi zenyewe zitumiwe kwa tahadhari: nyingi zimefundishwa kwa popo wa Ulaya na Marekani, nazo zitakupa jina la popo wa Ulaya bila kusita.

Wapo wanaosikika bila kifaa. Otomops harrisoni, popo mkubwa mwenye masikio mapana anayeishi katika mapango ya mawe ya volkano ya Mlima Suswa, hutoa sauti za chini kiasi kwamba mtu husikia mlio mkali akipita juu. Suswa si mbali kwa popo mwenye mabawa membamba na mwendo wa kasi, kwa hiyo mlio kama huo juu ya Ngong au Karen unastahili kurekodiwa.

Hatua ya sita: jaribu kujipinga

Ukishapata jina, tafuta sababu za kulikataa. Fungua ramani ya spishi katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kisha nukta za GBIF, hifadhidata ya dunia ya kumbukumbu za viumbe, na usiishie kwenye rangi. Tazama nukta moja moja, mwaka wake na chanzo chake. Mara nyingi nitakuta kielelezo cha makumbusho kilichokusanywa karibu na Nairobi miongo mingi iliyopita, nikajua kwamba popo "mgeni" amekuwapo kabla sijazaliwa.

Kisha chunguza historia ya jina. Popo wa Suswa niliyemtaja aliitwa kwa muda mrefu Otomops martiensseni, hadi mwaka 2015 alipotenganishwa na kupewa jina jipya. Anayesoma kitabu cha zamani na ramani mpya kwa pamoja ataona spishi moja ikitoweka Kenya na nyingine ikizuka, ilhali popo wenyewe hawajaondoka pangoni. Yule mdogo wa chini ya mabati aliyejulikana kama Chaerephon pumilus sasa huandikwa Mops pumilus. Popo walioonekana kuhama kwa kalamu tu ni wengi.

Mwisho, andika spishi nyingine zinazofanana na yako na zinazojulikana kuwapo Nairobi, na karibu na kila moja ueleze ni alama gani kwenye picha inayoiondoa. Ukishindwa kuiondoa hata moja, ripoti jenasi na uachie hapo. Taarifa ya jenasi iliyo sahihi inatumika. Taarifa ya spishi iliyokosewa huwasumbua watu kwa miaka.

Hatua ya saba: peleka taarifa panapostahili

Pandisha picha, sauti na viwianishi kwenye iNaturalist, tovuti ya kuripoti viumbe vilivyoonekana, ambako wengine wanaweza kukupinga hadharani. Wakati huo huo wasiliana na idara ya mamalia ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Museum Hill. Barua iwe fupi: nani, wapi, lini, kilichoonekana, sababu za kulitaja jina hilo, na mashaka uliyobaki nayo. Sehemu ya mashaka ndiyo inayomfanya mtaalamu akuamini.

Popo aliyekufa ana thamani kuliko picha mia, lakini uliza kwanza. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na kumiliki mzoga, kunasa popo kwa wavu au kumuua ili kuthibitisha jina kunahitaji kibali. Ukiruhusiwa kumpeleka, tumia glavu, mfunge katika mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye barafu mbali na chakula, na utie ndani karatasi yenye tarehe na mahali iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kielelezo kinapotiwa kwenye pombe ya kuhifadhia.

Usitangaze mahali halisi pa kundi kubwa. iNaturalist inakuruhusu kuficha nukta kwa umma, na wataalamu unaweza kuwapa viwianishi kamili kwa barua. Nimeona miti ikikatwa wiki moja baada ya picha kuenea mtaani, na katika mzozo wa namna hiyo popo hawana wakili.

Hatua ya nane: rudi tena

Popo mmoja usiku mmoja ni mgeni. Ili kusema kwamba spishi inaishi Nairobi, zinahitajika dalili za kuzaliana, kama jike mwenye mimba au mtoto, au kuonekana tena na tena katika misimu tofauti. Rudi wakati wa masika, kisha wakati wa kiangazi, kisha wakati wa vuli. Jua la Nairobi huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo keti mahali pale pale kuanzia saa kumi na mbili na robo hadi saa moja na nusu usiku, mkiwa wawili: mmoja ahesabu wanaotoka bila kuondoa macho, mwingine aandike kila baada ya dakika tano.

Siku ambayo hakutoka hata mmoja, andika sifuri, pamoja na tarehe, saa na hali ya hewa, na utume karatasi hiyo pamoja na zile nyingine.